Kutoka Langoni Hadi Abetone

Anwani ya kiwanda cha Ferrari ni Via Abetone Inferiore, namba 4, Maranello, kaskazini mwa Italia. Wapenzi wa magari wengi wanaikariri, lakini wachache hujiuliza Abetone ni nini. Ni kijiji kilichokaa juu ya Milima ya Apenini, mita 1,388 kutoka usawa wa bahari, pale barabara ya zamani ya kutoka Modena inapovuka kuingia Toscana. Lango la kiwanda, kwa hiyo, limetazama barabara ya mlimani. Tarehe 12 Machi 1947 Enzo Ferrari aliliwasha gari la 125 S, la kwanza kubeba jina lake, likiwa bado halijavishwa bodi, akatoka nalo langoni na kuingia barabara ya kila mtu. Hapakuwa na uwanja wa majaribio. Barabara ndiyo iliyokuwa uwanja.

Miaka 25 baadaye kampuni ilijenga uwanja wake wa Fiorano, njia ya mbio ya karibu kilomita 3 iliyo jirani na kiwanda, na kuanzia mwaka huo wa 1972 kazi kubwa ya kujaribu magari ikahamia ndani ya ua. Kiwanda na barabara, vilivyokuwa kitu kimoja, vikaanza kuishi kila kimoja kivyake. Mtu anayepanga leo safari ya kuendesha gari la spoti na kuzuru kiwanda kinachotengeneza magari hayo anajaribu kuviunganisha tena vitu viwili ambavyo wenye kiwanda walishavitenganisha. Ugumu wote wa mipango yake unatokea hapo, na wanaorudi nyumbani wamenuna mara nyingi ni wale ambao hawakuuona mapema.

Kosa la kawaida ni kuanza na barabara. Mtu anafungua ramani, anapenda namna mstari unavyojikunjakunja mlimani, anahesabu siku, kisha anakichomeka kiwanda mahali palipobaki nafasi, ambapo kwa kawaida ni Jumamosi. Jumamosi kiwanda hakifanyi kazi. Makumbusho yatakuwa wazi na utayaona magari mazuri yamesimama chini ya taa, lakini fundi hutamwona. Barabara inakungoja saa zote. Kiwanda kina kalenda yake, na kalenda hiyo haikujui. Basi mpango uanzie langoni, halafu uende nje.

Kalenda yenyewe ina mashimo mawili. La kwanza ni Agosti. Waitalia huadhimisha Ferragosto tarehe 15 ya mwezi huo, na katika majuma yanayoizunguka nchi nzima hushusha pumzi: viwanda vinafungwa, mafundi wanakwenda baharini, na Modena inabaki na joto na mbu wa uwanda wa mto Po. Anayeomba likizo mwezi huo kwa sababu watoto wamefunga shule ajue amechagua mwezi mbaya kuliko yote. Shimo la pili ni majira ya baridi. Abetone ni mahali pa kuteleza kwenye theluji, na uwanda wa chini hufunikwa na ukungu mzito kiasi kwamba taa za lori lililo mbele yako unaziona umeshalikaribia. Zinabaki nafasi mbili za kweli: kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwanzoni mwa Julai, na Septemba hadi katikati ya Oktoba. Mimi ningechagua Septemba. Mafundi wamerudi, zabibu zinavunwa, na milimani bado hakujawa baridi.

Kisha linakuja swali ambalo watu hulijibu kwa mapenzi badala ya akili: uzuru kiwanda kipi? Eneo hili la Emilia-Romagna, ambalo Waitalia huliita Terra dei Motori, yaani nchi ya injini, lina majina makubwa yaliyobanana mahali padogo mno. Toka Modena kilomita 18 kuelekea kusini uko Maranello kwa Ferrari. Upande wa mashariki, mwendo wa robo saa tu, uko San Cesario sul Panaro kwa Pagani. Ukizidi kwenda upande wa Bologna unafika Sant'Agata Bolognese kwa Lamborghini. Maserati wako ndani ya Modena kwenyewe, na Ducati, kwa wanaopenda pikipiki, wako Borgo Panigale, pembeni mwa Bologna, na nao hupokea wageni kiwandani. Huhitaji kuvuka mpaka wala kulala njiani. Unachohitaji ni kujua kila mmoja anakuonyesha nini, kwa sababu neno "ziara" lina maana tofauti kila mlangoni.

Ferrari ndiyo inayovuta watu wengi kuliko wote, na ndiyo inayoonyesha kidogo kuliko wote. Mgeni wa kawaida hununua tikiti ya makumbusho, akitaka zaidi anapanda basi linalopita katika barabara za ndani ya ua na kando ya uwanja wa Fiorano. Hushuki, hupigi picha, na kupitia kioo unaona majengo. Majengo yenyewe si haba: lile la kupimia upepo ni kazi ya msanifu Renzo Piano, la mwaka 1997, na kuna jingine la Jean Nouvel. Lakini aliyetoka mbali akitamani kuona mikono ikifunga injini atayahesabu madirisha na kurudi. Milango ya ndani hufunguliwa kwa wanunuzi wa magari na wageni walioalikwa. Si dharau; ni namna Enzo alivyoijenga biashara yake, kwamba kinachofichwa hupanda bei. Ila usiseme hukuambiwa.

Lamborghini wana desturi nyingine, na historia yao inaeleza kwa nini. Ferruccio Lamborghini alizaliwa mwaka 1916 katika familia ya wakulima, akapata utajiri wake kwa kutengeneza matrekta baada ya vita, na alipofungua kiwanda cha magari Sant'Agata mwaka 1963 hakuwa na jina la mbio la kujifichia. Inasimuliwa kwamba yote yalianza alipolalamika kwa Enzo kuhusu klachi ya Ferrari yake na kujibiwa kwa kejeli kwamba mtu wa matrekta hajui kuendesha magari. Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi mno hata imekuwa laini kama jiwe la mtoni, nami naipokea kwa tahadhari. Lisilo na shaka ni kwamba kampuni iliyoanza kwa kutaka kuwaonyesha watu kitu bado inawaonyesha. Mgeni wa kawaida anaweza kuweka nafasi mapema, kwa siku ya kazi, akalipa, na akatembezwa kando ya mstari wa kuunganisha magari, akaona ngozi za viti zikikatwa na kushonwa, na injini ya silinda 12 ikipanda hatua kwa hatua mikononi mwa watu. Simu hubaki mfukoni. Kupiga picha ndani ya eneo la kazi ni marufuku.

Mambo ya kutazama pale ni mengi, na la kwanza ni mwendo wa kazi. Mwaka 2023 Lamborghini ilikabidhi magari 10,112, ikivuka 10,000 kwa mara ya kwanza. Ferrari mwaka huo huo ilikabidhi 13,663. Gawanya kwa siku za kazi katika mwaka, utapata magari 40 na ushee kwa siku upande wa Sant'Agata na karibu 60 upande wa Maranello. Kiwanda cha magari ya kawaida hutoa gari kila dakika moja au mbili, na mfanyakazi anarudia kitendo kimoja mpaka mwili unakijua bila kichwa. Hapa gari linakaa mbele ya fundi muda wa kutosha kwa fundi huyo kulifahamu. Utamwona akisogea nyuma hatua moja, anaangalia alichofanya, anarudi. Hicho kitendo cha kusogea nyuma ndicho kinacholipiwa, na hakionekani kwenye gari lililosimama makumbusho.

Pagani ni habari nyingine kabisa. Horacio Pagani ni Muargentina aliyezaliwa mwaka 1955 katika mji mdogo wa Casilda, akaja Italia kutafuta kazi na akaipata Lamborghini. Huko alizama katika nyuzi za kaboni, nyuzi nyepesi zinazolowekwa gundi ngumu na kuokwa katika tanuri la joto na mgandamizo hadi ziwe kama chuma bila uzito wa chuma. Aliomba kampuni inunue tanuri kubwa la aina hiyo. Akakataliwa, inaelezwa kwamba sababu aliyopewa ni kuwa hata Ferrari hawana. Akakopa fedha, akanunua lake, na baadaye akajitegemea. Gari lake la kwanza, Zonda, lilionekana Geneva mwaka 1999. Leo karakana yake San Cesario hutoa makumi tu ya magari kwa mwaka, huku injini zikitoka kwa Mercedes-AMG nchini Ujerumani. Mgeni aliyeweka nafasi huingizwa katika ukumbi uliojengwa mithili ya uwanja wa mji wa Kiitalia, na watu wanaofanya kazi humo ni wachache kiasi kwamba utatoka unakumbuka sura zao. Vipande vya kitambaa cha kaboni hupangwa kwa mkono ili mistari yake ikutane sawasawa katikati ya boneti, kama fundi cherehani anavyokutanisha maua ya kitenge kwenye mshono wa mgongo.

Kama nafasi ni ya kiwanda kimoja tu, ushauri wangu ni huu: anayetaka kuelewa kiwanda aende Sant'Agata, anayetaka kuelewa ufundi aende San Cesario, na anayekwenda Maranello aende kwa ajili ya mji wenyewe. Kuna jambo la kweli katika kusimama ng'ambo ya lango la Via Abetone Inferiore wakati zamu inatoka na kuona kwamba wanaotoka ni watu wa kawaida wenye baiskeli na mifuko ya mkate.

Sasa gari. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila sababu. Karibu na makumbusho ya Maranello kuna vijana wanaokodisha Ferrari kwa dakika chache, na ziko kampuni zinazokodisha magari ya aina hiyo kwa siku nzima, zikishikilia kwenye kadi yako ya benki amana inayoweza kukufanya ukose usingizi. Kabla ya kusaini, tazama barabara zenyewe. Maranello iko jirani na miji ya Fiorano na Sassuolo, kitovu cha vigae vya Italia. Huenda sakafu ya benki unayoingia Nairobi au Dar es Salaam imetoka huko. Vigae husafirishwa kwa malori. Barabara zinazozunguka kiwanda maarufu kuliko vyote vya magari ya kasi zimejaa malori ya vigae, mizunguko ya barabara, taa, na kikomo cha kilomita 50 kwa saa. Gari la nguvu za farasi 1,015, kama Lamborghini Revuelto, litajifunza subira hapo kama mkokoteni wowote.

Mlimani tatizo linabadilika na kuwa upana. Revuelto ina upana wa zaidi ya mita 2 kabla hujahesabu vioo vya pembeni. Barabara ya kupanda Abetone inapita katikati ya vijiji vilivyojengwa kwa kipimo cha punda, na upande wa pili wa kona anakuja mzee na Fiat Panda aliyoiendesha njia hiyo miaka 40, hana nia ya kukupisha. Mazda MX-5, gari la wazi la viti viwili lenye uzito wa tani moja na kidogo, ina upana wa takriban mita 1.73. Sentimita 30 zinazobaki ndizo zinazokuruhusu kuchagua pa kupita kwenye kona badala ya kuomba Mungu tu. Dogo lile utaliendesha kwa uwezo wake wote ukiwa bado ndani ya sheria. Kubwa hutalifikisha hata nusu. Najua nasema kwamba uende nchi ya Ferrari na ukodi gari la Kijapani. Nasema hivyo hasa, na fedha iliyobaki inatosha kulipia ziara mbili za viwanda na chakula kizuri cha tortellini kila jioni.

Sheria nazo zinataka macho. Barabara kuu za kulipia zina kikomo cha kilomita 130 kwa saa, na mvua ikinyesha kinashuka hadi 110. Nje ya miji kwenye barabara za kawaida ni 90. Kwenye barabara kuu ipo mitambo inayopima wastani wa mwendo wako kati ya kamera moja na nyingine, hivyo ujanja wa kukanyaga breki mbele ya kamera, tulioukomaza sisi kwa matochi ya trafiki, huko hausaidii. Januari 2024 Bologna ilishusha kikomo hadi kilomita 30 katika mitaa yake mingi. Lakini mtego mkubwa ni ZTL, maeneo ya katikati ya miji ambako magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi. Hakuna kizuizi wala askari, ni kibao na kamera. Kila ukiingia ni faini mpya, kampuni ya kukodisha inatoa jina lako na kukutoza gharama ya kulitoa, na kwa mkazi wa nje ya Italia mamlaka zina siku 360 za kutuma barua. Unaweza kuwa umeshasahau ladha ya kahawa ya Modena, bahasha ikaingia. Dawa yake ni moja: lala nje ya kuta za mji wa kale, na ukitaka kuona kanisa kuu tembea kwa miguu.

Kwa msafiri anayetoka Afrika Mashariki kuna hesabu za ziada. Viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, huombwa isizidi miezi sita kabla ya safari, na inataka bima ya matibabu ya angalau euro 30,000 na maelezo ya unakokwenda. Hapo ziara ya kiwanda inakusaidia mara ya pili: uthibitisho wa nafasi wenye tarehe ni karatasi nzuri ya kuambatisha. Leseni ya kimataifa ya udereva ibebwe pamoja na leseni ya nyumbani, si badala yake. Halafu kuna suala la upande. Mtanzania, Mkenya na Mganda wamezoea kushoto. Wa Bukavu, Kigali au Bujumbura hana shida hiyo. Hatari haiko kwenye barabara kuu, ambako wenzako wanakuongoza. Iko alfajiri ya tatu, unapotoka kituo cha petroli kijijini, barabara tupu, na mkono unakupeleka kule ulikokulia. Mwenzako kwenye kiti cha pembeni apewe kazi moja tu, ya kusema "kulia" kila mnapoingia barabarani, na asikatazwe hata akikera.

Kuhusu abiria huyo, wengi humchukulia kama mzigo wa kupiga picha. Mei 1955 Stirling Moss alishinda mbio za Mille Miglia, kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Karibu naye alikaa mwandishi wa habari, Denis Jenkinson, aliyekuwa ameandika kila kona na kila hatari kwenye karatasi ndefu iliyovingirishwa ndani ya kisanduku, akiifungua kadiri walivyokwenda na kumpa Moss ishara kwa mkono kwa sababu injini haikuruhusu sauti. Wastani wao ulikuwa zaidi ya kilomita 157 kwa saa kwenye barabara za umma. Miaka miwili baadaye ajali ya Guidizzolo iliua dereva Alfonso de Portago, msaidizi wake na watazamaji, wakiwemo watoto, na mbio hizo zikapigwa marufuku. Hakuna anayekutaka uige mwendo wao. Lakini kuketi jioni na kuandika wapi kuna petroli, wapi kijiji kinaanza ghafla, wapi pa kusimama, hilo halijapitwa na wakati, na simu mlimani hupoteza mtandao.

Njia yenyewe ningeipanga hivi. Jumanne, ziara ya Sant'Agata asubuhi, San Cesario mchana ikiwa nafasi imepatikana. Jumatano ni ya Maranello. Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori hayajaamka, upande kutoka lango lile lile kupitia Serramazzoni na Pavullo hadi Abetone, ushuke upande wa Toscana, ulale karibu na Florence. Ijumaa urudi Bologna kwa barabara ya zamani, si ile ya kulipia: mapito ya Futa, mita 903, na Raticosa, mita 968, ndiyo aliyoyapita Moss akirudi kaskazini. Juu ya Futa simama, hata kama gari linakuita. Kuna makaburi ya askari wa Kijerumani zaidi ya 30,000 waliokufa Italia katika Vita vya Pili, yamezungushwa kilimani kwa ukuta unaopanda kama kamba. Baada ya hapo utaendesha polepole kwa muda. Usipange Jumapili mlimani. Siku hiyo ni ya pikipiki.

Nimesema kiwanda na barabara vilitengana. Havikutengana kabisa. Kuzunguka Maranello na Sant'Agata bado unaweza kukutana na gari lililofunikwa michoro ya kuficha umbo lake, au lenye kibao kilichoandikwa "prova", yaani majaribio, likitoka kupimwa katika barabara ile ile ya kila mtu. Hakuna tikiti ya kuliona wala ratiba yake. Pale Pavullo unaagiza kahawa, unainywa umesimama kaunta kama wenyeji, mlango uko wazi. Ukisikia kitu kinapanda kutoka bondeni kikibadilisha gia, toka nje utazame. Mara nyingi ni lori la vigae.